Upana wa Mlango

Binti yangu ana cheo ambacho wakati wetu hakikuwapo. Anaitwa meneja wa bidhaa. Hatengenezi kitu kwa mikono yake, hasimami dukani kuuza, lakini bidhaa ikiharibika yeye ndiye anayeulizwa. Juzi alinipigia simu akaniomba nimwandikie tabia zinazomfanya mtu aiweze kazi hiyo, kwa kuwa mama yake alimwambia niliwahi kuifanya. Nilikasirika kidogo. Nikamwambia mimi nilikuwa nauza majeneza. Akasema, "Ni hiyo hiyo, Baba." Basi namwandikia, na asije akalalamika kwamba sicho alichotaka.

Karakana yetu ilikuwa Kisumu, si mbali na soko la Kibuye. Nilipoajiriwa, katikati ya miaka ya themanini, tulikuwa tukitengeneza vitanda, meza na kabati za vyombo. Jeneza lilikuwa kazi ya mara moja moja, likiagizwa tunaacha meza tunalipiga haraka haraka. Miaka ya tisini ilipoingia mambo yakageuka. Watu wazima wenye nguvu zao, walimu, makondakta, wauza samaki, wakaanza kukonda na kufa, na vitanda vikasukumwa nyuma kupisha majeneza. Jina la ugonjwa wenyewe halikutamkwa. Wengine walisema ni malaria sugu, wengine wakasema ni chira, ile laana inayomkausha mtu aliyevunja mwiko. Lakini kila mtu alikuwa anajua anachokiogopa. Mfanyakazi akikohoa wiki mbili, kikombe chake cha chai kilianza kukaa peke yake dirishani.

Mwenye karakana alikuwa mzee aliyetoka Mkoa wa Kati, mfanyabiashara hodari, mkali wa wakati na mpole wa moyo. Siku moja aliniita pembeni akaniambia, "Wewe si unajua hawa watu wenu? Hii kazi ya masanduku, uangalie wewe. Mteja akija, ni wewe. Fundi akikosea, ni wewe. Ikifika matanga ikuwe mbaya, ni wewe." Hicho ndicho kilichokuwa cheo changu, hakikuandikwa popote.

Nilikipokea kwa majivuno. Nilinunua daftari, nikaweka kalamu sikioni, nikaanza kuwauliza wateja wanataka nini. Hapo ndipo nilipokosea kwanza, maana anayekuja kununua jeneza ni nadra kuwa yule atakayekaa nalo. Huja ndugu mwenye kazi mjini, amevaa koti, ametumwa na kikao cha familia, na anachotaka ni lile litakalowanyamazisha watu likiteremshwa kwenye gari. Nilikuwa naandika maneno yake yote. Kutoka kwenye maneno hayo mimi na mzee tukabuni jeneza kubwa: lenye mabega mapana, kifuniko cha ngazi mbili, kioo usoni, vishikio vya shaba vilivyotokeza ubavuni. Mzee alilisifu sana. Kwao maiti ilikuwa ikitoka mochari moja kwa moja hadi kaburini, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuwaza zaidi ya hapo.

Mimi nilikuwa nayo. Mimi ni mtoto wa huku. Nilikuwa najua kwamba kwetu mtu mzima mwenye nyumba huletwa nyumbani kabla ya kuzikwa, anaingizwa ndani ya nyumba yake, analala humo usiku wake wa mwisho, na watu wake wanalala naye. Anayelazwa nje ni kama mtu ambaye hakuwahi kujijengea chochote duniani. Hilo nililijua tangu utotoni, na kwa kuwa nililijua sana, sikuliwaza hata siku moja.

Aliyeliwaza ni fundi wetu mkuu. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, mwembamba, mwenye masihara makavu, na kabla hajagusa ubao wowote alikuwa na maswali yake matatu. Nani atabeba? Itapita wapi? Nani atabaki nayo? Aliyauliza hata kwa stuli. Tulipomletea mchoro wa jeneza kubwa, aliuangalia akauliza, "Hii itapita wapi?"

"Kwa mlango," nikamjibu.

"Mlango gani?"

"Mlango si mlango tu?"

"Ooyo, omera," akasema, yaani la hasha, ndugu yangu. "Umeenda kuona?"

Nikamwambia sina nafasi ya kuzunguka vijijini nikipima milango ya watu. Alicheka, akachukua msumeno akaanza kazi, kwa sababu aliyeamua ni mimi na mzee.

La kwanza tuliliuza kwa familia moja ya upande wa Luanda Kotieno, karibu na ufuo wanapoteremshia samaki. Marehemu alikuwa mvuvi. Ndugu yake aliyekuwa na kazi mjini alilipenda mno, akataka niandamane nao ili watu waone lilikotoka. Tulifika mchana, wanawake wakatulaki kwa vilio, wanaume sita wakalibeba mpaka mlangoni, na hapo likakwama. Nyumba ilikuwa ya udongo, ndogo, imara, yenye mlango wa kumtosha mtu mmoja. Vishikio vyangu vya shaba vilikuwa vimeumana na miimo pande zote mbili.

Mtu mmoja akasema lilazwe ubavu. Wakaliinamisha. Ndani yake marehemu akateleza, akagonga ubao kwa kishindo ambacho kila mtu alikisikia. Mjane alikuwa ndani, upande wa pili wa mlango, akingoja kumpokea. Sitaandika alivyolia. Mwishowe walileta jembe na panga, wakang'oa mwimo mmoja na kipande cha ukuta, jeneza likaingia. Nilirudi kule baada ya wiki tatu, nikakuta gunia limening'inizwa pale palipovunjwa. Mjane aliniambia nyumba ile haiwezi kuguswa mpaka matanga yaishe na watu wa kuitengeneza wapatikane. Mbuzi walikuwa wakiingia na kutoka.

Nilijichukia. Nilirudi Kisumu nikamsimulia fundi kila kitu. Nilitegemea angenikumbusha kwamba alinionya. Badala yake alichukua tepu ya kupimia akaiweka mkononi mwangu, akarudi kwenye randa yake.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa njia. Mteja akifika namuuliza, nyumba iko wapi, ya udongo au ya mawe, nani anakaa humo, mlango nani aliupiga. Ikiwezekana natangulia mwenyewe kwa baiskeli. Nyamasaria nilikwenda sana, hadi Bondo na vijiji vya mbele yake nilifika kwa kupewa lifti. Nilipima milango mingi kuliko nilivyowahi kusalimia watu. Nilijifunza kunyamaza jikoni kwa akina mama, maana pale ndipo yasemwapo mambo ambayo mwenye koti hayajui: kwamba njia ya kutoka barabarani ni tope tupu na wabebaji watateleza, kwamba mama mkwe haoni vizuri na kioo hakitamsaidia, angependa kifuniko kifunguke chote ili amguse. Nilikuwa naandika kwa maneno yao wenyewe, si kwa maneno yangu. Nikirudi, namsomea fundi, naye anakuna kidevu, halafu anatafuta namna.

Tukapata jeneza jembamba. Pembeni halikuwa na shaba, lilikuwa na vitanzi vya kamba vilivyolala ndani ya mfuo, ili wakifika mlangoni wavikunje. Kitako chake fundi alikilainisha kiteleze juu ya kizingiti bila kukwaruza. Kulitazama halikuwa na maajabu. Lakini mama mmoja alitoka mbali kulitafuta, akauliza kama hapa ndipo pa lile sanduku linaloingia. Nilifurahi siku ile kupita kiasi, furaha ambayo leo naionea haya, kwa sababu nilifurahia jina la jeneza.

Lile kubwa halikuondoka. Nilimwambia mzee tuache kulitengeneza. Akasema, "Hiyo ni ya kuvuta macho, wacha ikae mbele." Nikaacha likae mbele. Kuna tabia ya kusema hapana ambayo binti yangu ataipenda nikiiandika, na ningeiandika vizuri sana kama ningekuwa nayo.

Kisha fundi akaanza kukohoa.

Alifanya kazi mpaka akawa hawezi kusukuma randa, ndipo akarudi kwao, kijijini kupita Bondo. Nilimtembelea baada ya miezi miwili. Nilimkuta amelala kwenye kitanda alichokitengeneza mwenyewe, ndani ya nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga alipooa, na sikumtambua mpaka alipoongea. Sauti ilikuwa ileile. Mkewe alikuwa amekaa kando akimpungia nzi. Mama yake, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, aliniletea uji, akasimama mlangoni.

"Umekuja na tepu?" fundi akaniuliza.

Nilikuwa nayo mfukoni. Nikajifanya sijaelewa.

"Usinifiche, omera. Pima."

"Kaka, utapona."

"Pima mlango. Pima na chini. Miimo yangu imekaza kule chini, mbao ilikuwa mbichi. Ukipima juu peke yake utadanganyika."

Nikapiga magoti kwenye kizingiti nikapima, mama yake akasogea kando kunipisha mwanga. Juu ilikuwa inchi ishirini na saba. Chini, ishirini na sita. Nilimsomea. Akatingisha kichwa kama mtu aliyepata jibu alilokuwa nalo tayari.

"Nataka vitu viwili," akasema. "Nilale ndani. Na mlango usivunjwe, huyu atabaki nao." Alimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Yule mjane wa mvuvi ulinisimulia. Mbuzi waliingia. Sitaki mbuzi."

Nikamwambia, "Nakuahidi." Mama yake alisikia. Mkewe alisikia.

Nilianza kuitimiza ahadi. Nilirudi karakana nikachagua mbao za saipresi zisizo na vifundo, nikamsimamia fundi mwingine, tukatengeneza jeneza la inchi ishirini na mbili. Nililipiga vanishi kwa mkono wangu. Tukalificha stoo ya nyuma chini ya magunia, kwa sababu hakuna aliyetaka kulitazama.

Alikufa mwezi uliofuata katika hospitali moja mjini. Ndugu zake wawili walifika kutoka Nairobi kwa pikapu ya kukodi, wakaja karakana moja kwa moja. Niliwapeleka stoo, nikaondoa magunia. Yule mkubwa aliligonga jeneza kwa kidole.

"Hii ndiyo mmemwekea?"

"Aliichagua mwenyewe," nikasema.

"Mtu amewafanyia kazi miaka yote hii, halafu mnampatia sanduku ya mboga?" Aligeuka akaliona lile kubwa kule mbele, na shaba zake, na kioo chake. "Tunataka ile."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilisema wazi, "Mlango wa nyumba yake ni inchi ishirini na sita. Ile haiingii."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Kwani Bwana, unauza majeneza ama milango?"

Mzee wa karakana, ambaye alikuwa na huzuni ya kweli na hakujua la kufanya nayo, alicheka kidogo, cheko la kumtuliza mteja. Akasema kwa heshima ya fundi wake atawaachia lile kubwa kwa bei ya mbao tu. Wakapeana mikono. Wote wakanitazama, na nilikuwa na nafasi ya kusema tena. Ningesimama mbele ya pikapu. Ningewaambia habari ya mvuvi, kile kishindo, lile gunia. Ningesema niliahidi. Badala yake niliwaza kwamba nimekwisha sema, kwamba wao ni ndugu na mimi ni nani, kwamba mzee ameshaamua. Nikachukua kitambaa nikafuta vumbi kwenye kioo.

Nilikwenda nao. Tulimchukua mochari, mhudumu akatuambia tusifungue mpaka kaburini, akakikaza kifuniko kwa skrubu. Aliwaambia hivyo ndugu wa wote waliokufa kwa ugonjwa ule, na watu walitii kuliko walivyotii sheria yoyote. Njia nzima nilikaa nyuma ya pikapu, mkono juu ya kifuniko, nikijidanganya kwamba huenda nilipima vibaya.

Tulifika saa tisa mchana, mvua ikinyesha. Sikuwa nimepima vibaya. Walilifikisha mlangoni, wakarudi nyuma, wakajaribu tena kwa kona, wakarudi. Ndugu mkubwa akaagiza lilazwe ubavu. Nikapiga kelele, "Hapana!" kwa sauti niliyopaswa kuitoa kule mjini, karakana. Wakasimama. Mwingine akasema walete panga. Mke wa fundi, aliyekuwa ndani, akatoka akashika mwimo kwa mikono yote miwili. Hakulia, alishika tu. Mama mkwe wake akaja akasimama kando yake, mlango ukajaa.

Wazee wa ukoo wakanong'onezana chini ya paa la jiko. Wakaamua alazwe nje, wamfunike kwa turubai. Walisema hali ni hali, na mvua hii, na marehemu ataelewa. Watu wakaanza kutafuta kamba.

Mama wa fundi alikuwa akinitazama mimi. Alinifanyia ishara nikasogea.

"Nyathina," akasema, mwanangu. "Si wewe ulikuja kupima hapa?"

"Ndio, Mama."

"Hawa uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Mara ngapi?"

Nikataka kusema uongo. "Mara moja," nikasema.

"Mara moja." Alilirudia taratibu, si kwa hasira, kama anayejaribu kulielewa. Kisha akasema, "Fungua."

Watu walirudi nyuma. Si kwamba nilidhani tu, niliona: mduara mzima ulipanuka, waombolezaji, wazee, ndugu wa Nairobi na makoti yao. Mmoja akasema mtu wa mochari alikataza. Mama aliingia ndani akatoka na mkeka wa mafunjo, akautandika juu ya tope. Nilikuwa na bisibisi. Nilitoa skrubu sita, nikainua kifuniko na kioo chake nikakiegemeza ukutani.

Mama alishika mabega. Mke akashika kiuno. Walinitazama, nikashika miguu. Alikuwa mwepesi kuliko kifuniko. Tulimlaza kwenye mkeka, tukauinua kwa pembe zake, tukapita naye mlangoni, na nafasi ilibaki pande zote mbili. Tukamweka kwenye kitanda chake. Mama yake alimnyoosha shati. Nje mvua ilikuwa ikiingia ndani ya jeneza tupu, na hakuna aliyekumbuka kulifunika.

Ningependa kuishia hapo, nionekane mtu. Lakini nilitoka, nikazunguka nyuma ya jiko palipokuwa na ndoo ya maji na kipande cha sabuni, nikaanza kunawa. Nilinawa mpaka viwiko. Nilinawa mara ya pili, nikisugua chini ya kucha. Huyu ndiye aliyenifundisha kila nilichokijua, nami nilikuwa namsugua anitoke. Nilipochota maji mara ya tatu ndoo ilikuwa imekwisha. Nikageuka, nikamwona mjane wake amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini, ameshika jagi lililojaa. Mikono yake mwenyewe alikuwa hajainawa. Nilishindwa kumtazama usoni. Akaniashiria nikinge viganja, akanimiminia maji.